Matokeo ya kweri ama mkusanyo wa objekti: mwongozo kamili wa kuamua utumie gani wapi

Kuna ukurasa mmoja nilijengea sacco ya matatu hapa mjini, ukurasa rahisi kabisa, unaonyesha namba ya gari, dereva wake na pesa gari imeleta tangu asubuhi. Gari zilikuwa 80. Kwa laptop yangu ulikuwa unafunguka vizuri tu, lakini siku ya kwanza ofisini mama wa hesabu akabonyeza, akangoja, akaweka kikombe cha chai chini, akaniangalia. "Kijana wangu, mashine imelala?" Haikuwa imelala. Ilikuwa inaenda kwa databesi na kurudi mara 161, na databesi yenyewe ilikuwa kwa seva ya kukodisha huko Ulaya.

Hesabu yake ni hii: kweri (swali unalouliza databesi) moja ya kuleta gari zote, halafu kwa kila gari kweri moja ya kumtafuta dereva na nyingine ya kuleta malipo, 1 + 80 + 80. Tuseme kutoka Nairobi kwenda huko na kurudi ni millisekunde 150, zidisha na 161, unapata sekunde 24 na ushee. Nikiwa nyumbani databesi ilikuwa ndani ya laptop hiyo hiyo, safari ni karibu bure, ndio maana sikuona kitu.

Hapo nilikuwa nimetumia objekti mahali palipotaka kweri tupu. Na kwa mfumo mwingine wa kabla ya huo nilifanya kinyume chake, sheria za mkopo zikawa zimetapakaa ndani ya SQL (lugha ya kuandikia kweri) ya kurasa saba, siku sheria moja ilibadilika tukarekebisha kurasa sita, ule wa saba ukaendelea kupitisha mikopo kwa sheria ya zamani wiki mzima. Hiyo iliniuma zaidi kuliko ile ya sekunde 24, manake polepole mtu anavumilia, lakini pesa ya mwanachama ikihesabiwa vibaya unamwambia nini? Kwa hivyo haya nayaandika hatua kwa hatua, vile mimi nafanya sai nikianza mfumo mpya, na mfano utabaki huo huo wa sacco ya matatu ndio tusipotee.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini

Matokeo ya kweri ni mistari na kolamu. Umeuliza databesi swali, imekujibu kwa jedwali dogo, basi. Mstari haujui kitu, hauwezi kukukataza kitu, ni thamani tu zimepangwa. Mkusanyo wa objekti ni orodha ya vitu ambavyo kila kimoja kina data yake na pia kina kazi zake, gari inajua dereva wake, hesabu ya siku inajua kujifunga na inajua kukataa kufungwa mara mbili.

Hizi fikra mbili zilizaliwa mbali na zilikuwa na shida tofauti za kutatua. Objekti zinatoka kwa Simula, lugha ya programu kutoka Norway ya miaka ya 1960, watu walikuwa wanataka kuiga vitu vinavyotenda na kubadilika. Mambo ya majedwali yanatoka kwa Edgar Codd wa IBM, makala yake ya 1970, yeye alikuwa anataka data nyingi iulizwe maswali yoyote bila mtu kujua imewekwaje ndani ya mashine. Moja inafikiria kitu kimoja kimoja, nyingine inafikiria kundi zima kwa mpigo. Ukizilazimisha ziwe kitu kimoja kila mahali zinakuuma, na karibu kila kosa nitakalotaja hapa chini limetoka hapo.

Hatua ya 1: andika kazi za mfumo, halafu uliza kila moja swali moja

Chukua karatasi, usianze na majedwali wala klasi (umbo la kuundia objekti). Andika kila kitu mtu atafanya kwa mfumo, kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nilikaa na mama wa hesabu na msimamizi wa steji, orodha ikawa kama hivi: kuona gari zote na mapato ya leo, kupokea pesa ya makanga (kondakta), kufunga hesabu ya gari jioni, kuchapisha ripoti ya mwezi kwa wenye gari, kusimamisha gari ambayo haijaleta hesabu siku tatu, kutafuta malipo fulani ya M-Pesa kwa namba yake, kubadilisha dereva.

Sasa swali: hii data inaenda kutazamwa ama inaenda kuamuliwa? Kuona gari zote ni kutazama. Ripoti ya mwezi ni kutazama. Kutafuta malipo ni kutazama. Kufunga hesabu ni kuamua, manake kuna masharti na kuna kitu kitabadilika. Kupokea pesa ni kuamua. Kubadilisha dereva pia.

Ya kutazama, anza na kweri tupu. Ya kuamua, anza na objekti. Nasema anza kwa sababu kuna chache zitakataa, kama ile ya kusimamisha gari, ni uamuzi lakini unagusa gari zote, hiyo tutaifikia. Lakini ukifanya hii hatua peke yake na usisome zingine utakuwa umeokoa kazi nyingi sana.

Angalia pia vile majibu yanatofautiana kwa idadi. Ya kutazama kawaida ni mistari mingi, kolamu chache kutoka majedwali kadhaa. Ya kuamua kawaida ni kitu kimoja ama viwili, lakini unakitaka chote kizima na kila kitu kinachokihusu. Ukijipata unavuta objekti elfu ndio uonyeshe majina matatu kwa kila moja, simama hapo hapo.

Hatua ya 2: upande wa kutazama, andika kweri yako kwa mkono na uielewe

Hii ndio ile ya ukurasa wa gari 80, sasa ikiwa kweri moja:

```
SELECT g.id, g.namba, d.jina AS dereva,
       COALESCE(SUM(m.kiasi), 0) AS mapato
FROM gari g
LEFT JOIN dereva d ON d.id = g.dereva_id
LEFT JOIN malipo m ON m.gari_id = g.id
      AND m.saa >= :mwanzo AND m.saa < :mwisho
GROUP BY g.id, g.namba, d.jina
ORDER BY mapato
```

Safari moja tu kwa databesi. LEFT JOIN inaunganisha majedwali na kubakiza kila gari hata isiyo na malipo, SUM inajumlisha. Lakini kuna mahali pa kuangalia sana, hayo masharti ya saa nimeyaweka kwa ON na si kwa WHERE. Ukiyashusha kwa WHERE, gari ambayo haijaleta chochote leo inapotea kwa orodha kabisa, manake haina mstari wa malipo wa kulinganisha. Na hiyo gari ndio mama wa hesabu anatafuta! Haogopi gari iliyoleta, anatafuta ile iliyonyamaza. Kweri inaendesha bila kosa, ripoti inapendeza, na inaficha kitu muhimu kuliko vyote.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi na nimeuona kwa kodi (code, maandishi ya programu) ya watu wazoefu. Mwenye gari anataka ripoti iwe na mapato na pia mafuta, unaona ni rahisi, unaongeza LEFT JOIN nyingine ya jedwali la mafuta na SUM yake. Fuatilia na mimi gari moja. Imeleta malipo matatu: 2,000, 3,000 na 1,500, jumla 6,500. Imeweka mafuta mara mbili: 1,800 na 1,200, jumla 3,000. Ukiunganisha yote mawili kwa mpigo, kila malipo yanakutana na kila mafuta, mistari inakuwa sita, na SUM inakuambia mapato ni 13,000 na mafuta ni 9,000. Hakuna kosa lolote linaonyeshwa kwa skrini. Kwa gari iliyoweka mafuta mara moja mapato yanakuwa sawa, kwa hivyo ukipima na gari moja bahati mbaya hutaona.

Dawa ni kujumlisha kila upande peke yake kwanza ndio uunganishe:

```
FROM gari g
LEFT JOIN (SELECT gari_id, SUM(kiasi) AS mapato
           FROM malipo
           WHERE saa >= :mwanzo AND saa < :mwisho
           GROUP BY gari_id) p ON p.gari_id = g.id
LEFT JOIN (SELECT gari_id, SUM(kiasi) AS mafuta
           FROM mafuta
           WHERE saa >= :mwanzo AND saa < :mwisho
           GROUP BY gari_id) f ON f.gari_id = g.id
```

Hapa WHERE iko ndani ya mabano kwa hivyo haiondoi gari yoyote, ni salama.

Na kuna saa. Nairobi tuko saa tatu mbele ya UTC (saa ya dunia ya kulinganishia), na databesi nyingi zinaweka saa kwa UTC, ambayo ni tabia nzuri. Lakini ukipanga kwa siku bila kubadilisha, pesa yote iliyoingia kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku inahesabiwa jana. Kwa duka la nguo huwezi hata kuona. Kwa matatu zinazokimbia usiku kucha ni pesa halisi, na dereva wa usiku ndio atalaumiwa. Kwa PostgreSQL (aina moja ya databesi), kama kolamu ni timestamptz, yaani saa inayozingatia eneo, andika `(saa AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi')::date`, ama uhesabu mwanzo na mwisho wa siku ya Nairobi ndani ya programu ndio uvipitishe kama nilivyofanya hapo juu. Mimi napenda hiyo ya pili, indeksi (orodha ya databesi ya kutafutia haraka) ya kolamu ya saa inaendelea kutumika.

Hatua ya 3: ipe kweri nyumba na jina

Watu wengi wakisikia kutumia kweri tupu wanafikiria ni ruhusa ya kumwaga SQL ndani ya kurasa. Hapana. Kweri ikae ndani ya fanksheni moja yenye jina la kibiashara, `mapato_ya_gari(mwanzo, mwisho)`, na ukurasa uite hiyo fanksheni bila kujua majedwali yanaitwaje. Siku jedwali la malipo litagawanywa, na litagawanywa, utabadilisha mahali pamoja.

Mstari wenyewe urudi kwa umbo linalojulikana. Kamusi tupu zenye funguo za herufi zinachosha, unaandika `mapto` badala ya `mapato` na unagundua mteja akipiga simu. Python ina dataclass, Java ina record ambazo zilikuja rasmi na Java 16 mwaka 2021, PHP unaweza kutumia PDO na `FETCH_CLASS`. Hizi ni klasi ndogo za kusoma tu, hazina kazi ya kuhifadhi, hazijui databesi iko wapi. Watu wengine watakuambia basi hizo si ni objekti pia? Ni objekti ndio, lakini hazibebi sheria na haziwezi kwenda kuleta kitu nyuma ya mgongo wako, na hiyo ndio tofauti yenye maana hapa.

Kitu kidogo kwa wa PHP: kolamu ya DECIMAL kutoka MySQL inakuja kama herufi, si namba. Kwa mstari tupu hakuna mtu wa kukubadilishia. Ukijumlisha pesa, fanya hapo hapo kwa SQL ama hifadhi pesa kama namba kamili ya senti, na usitumie float (namba ya desimali ya kukadiria) kwa pesa ya mtu, hiyo sitaki hata kuijadili.

Hatua ya 4: upande wa kuamua, jenga objekti inayojua kukataa

Sasa kufunga hesabu jioni. Makanga analeta pesa, kuna lengo la siku, kuna gharama zilizokubaliwa, na ikifungwa imefungwa. Hapa mstari tupu utakuumiza, manake mstari unaweza kubadilishwa na kurasa yoyote bila kuuliza.

```
class HesabuYaSiku:
    def __init__(self, gari_id, lengo, malipo, gharama):
        self.gari_id = gari_id
        self.lengo = lengo
        self.malipo = list(malipo)
        self.gharama = list(gharama)
        self.imefungwa = False

    def baki(self):
        return sum(m.kiasi for m in self.malipo) - sum(
            g.kiasi for g in self.gharama if g.imekubaliwa)

    def upungufu(self):
        return max(self.lengo - self.baki(), 0)

    def pokea(self, malipo):
        if self.imefungwa:
            raise HesabuImefungwa(self.gari_id)
        if any(m.namba == malipo.namba for m in self.malipo):
            return
        self.malipo.append(malipo)

    def funga(self):
        if self.imefungwa:
            raise HesabuImefungwa(self.gari_id)
        self.imefungwa = True
        return self.upungufu()
```

Angalia `pokea`. Ujumbe wa malipo ya simu unaweza kufika mara mbili, mtandao ukiyumba kidogo mfumo wa upande wa pili unatuma tena, na ukiandika mistari moja kwa moja utamhesabia makanga pesa mara mbili. Objekti inaangalia namba ya malipo na inanyamaza. Hiyo sheria iko mahali pamoja, msimamizi akipokea kwa mkono ama ikija yenyewe kwa simu, mlango ni ule ule. (Bado weka namba iwe ya kipekee kwa databesi pia, objekti hailindi dhidi ya maombi mawili yanayokuja sekunde moja.)

Kuleta hii objekti unatumia kweri tatu: hesabu yenyewe, malipo yake, gharama zake. Tatu kwa kitu kimoja ni sawa kabisa, usianze kuhangaika kuzifanya moja. Kuhangaika ni kwa orodha.

Na kwa sababu unasoma, unaamua, halafu unaandika, kuna pengo hapo katikati. Makarani wawili wamefungua hesabu moja, mmoja anaongeza malipo, mwingine anafunga. Weka kolamu ya `toleo`, na ukihifadhi andika `UPDATE hesabu SET imefungwa = true, toleo = toleo + 1 WHERE id = :id AND toleo = :toleo`. Ikirudi kwamba mistari sifuri imebadilika, mtu amekutangulia, leta upya na umwonyeshe karani hali mpya. Masharti ni kwamba kila kinachogusa hesabu, hata kuongeza malipo, kipandishe hilo toleo.

Hatua ya 5: mkusanyo, ni lini unastahili kuwa na klasi yake mwenyewe

Orodha ya kawaida inatosha mara nyingi. Mkusanyo unastahili klasi ukiwa na sheria za kundi, yaani kitu ambacho si cha objekti moja. Kwa mfano hesabu za wiki za gari moja: kupata siku tatu mfululizo bila pesa huwezi kuuliza siku moja, unauliza wiki. Hapo `HesabuZaWiki` yenye kazi ya `siku_mfululizo_bila_pesa()` inaeleweka, na unaweza kuipima bila databesi.

Lakini usiipe mkusanyo kazi za databesi. Nimeona mtu ameleta malipo ya mwaka mzima ndani ya memori ndio aite `len()`. Hiyo ni `COUNT(*)`. Ukitaka tu kujua kama kuna hata moja, uliza kuwepo, Django, ile zana ya kujengea mifumo kwa Python, ina `exists()`, Laravel ya PHP pia ina `exists()`, na databesi inasimama ikipata ya kwanza. Kuchuja, kupanga, kuhesabu na kujumlisha kabla ya kuleta ni kazi ya databesi, imefanya hiyo kazi miaka mingi na inaifanya vizuri.

Hatua ya 6: unajuaje umeingia kwa ule mtego wa kweri 161

Kodi iliyoniletea shida ilikuwa mistari miwili tu, lupu ya `for gari in magari` na ndani yake `gari.dereva.jina` na `gari.malipo.all()`. Haionekani kama kweri popote. Hiyo ndio hatari yake, nukta moja inaenda Ulaya na kurudi.

Washa logi ya kweri ukiwa unajenga na uhesabu kwa macho, fungua kila ukurasa mara moja. Kwa Django, `select_related` inaleta dereva kwa kuunganisha, `prefetch_related` inaleta malipo ya gari zote kwa kweri moja ya ziada. Laravel ni `with()`, na kuna `Model::preventLazyLoading()` ambayo inarusha kosa ukijaribu kuleta kidogo kidogo, iwashe kwa mazingira ya kujenga siku ya kwanza kabisa. Hibernate ya Java unatumia `JOIN FETCH`. Hizi zinakutoa 161 mpaka 2 ama 3, na ukiwa na haraka ni marekebisho ya dakika tano.

Ila kwa ukurasa wa kutazama bado si dawa kamili. Ukitumia `prefetch_related` kwa malipo, kweri ni chache lakini umevuta kila malipo ya kila gari ndio ujumlishe mwenyewe, kama kila gari ina malipo 200 hizo ni objekti 16,000 za kutoa namba 80. Kweri ya hatua ya 2 inaleta mistari 80.

Hatua ya 7: zile kazi zinazokataa kukaa upande mmoja

Kusimamisha gari ambazo hazijaleta hesabu siku tatu. Ni uamuzi lakini ni wa kundi. Hapa una njia mbili na nitasema wazi ninayoipenda.

Njia ya kwanza ni UPDATE moja yenye masharti ndani, haraka sana. Lakini jua inaruka kila kitu ulichoweka kwa objekti. Django ukitumia `update()` kwa kundi haiiti `save()` na haitumi signali zake (taarifa za ndani kwamba objekti imehifadhiwa), Laravel nayo ikibadilisha kwa kundi hairushi matukio ya modeli. Kama ulikuwa unategemea hayo kumtumia mwenye gari SMS, hatapata SMS, na gari yake itazuiwa steji saa kumi na moja asubuhi bila yeye kujua. Pia objekti zilizokuwa tayari kwa memori zinabaki na hali ya zamani.

Njia ya pili, na ndio natumia: kweri inatafuta, objekti inaamua. Kweri inaleta namba za gari zinazoshukiwa tu, tuseme tano kati ya 80, halafu unaleta objekti za hizo tano na kuita `simamisha()` kwa kila moja. Sheria inabaki kwa objekti, na gari ambayo kweri imeishuku kimakosa, labda iko gereji na imeripotiwa, objekti inakataa. UPDATE ya mpigo naiwachia kazi zisizo na sheria, kama kujaza kolamu mpya.

Kundi likiwa kubwa kweli, usilete yote kwa mpigo, leta mafungu mafungu. Django ina `iterator()`, Laravel ina `chunk` na `chunkById`. Na hapa sikiza vizuri: ukitumia `chunk` ya kawaida huku unabadilisha ile kolamu unayochujia, utaruka mistari. Umechukua mia za kwanza zenye hali "hai", ukazifanya "simama", sasa zimetoka kwa orodha, zilizokuwa za pili zimepanda zikawa za kwanza, na wewe unaomba za pili. Mia moja hazikuguswa. `chunkById` inaendelea kutoka kwa namba ya mwisho kwa hivyo haina hiyo shida.

Hatua ya 8: sheria moja isikae sehemu mbili

Hii ndio ngumu na sijaona njia ya mkato. Upungufu wa siku unahesabiwa kwa objekti, lakini ripoti ya mwezi inautaka pia, na ripoti ni kweri. Ukiandika hesabu tena kwa SQL una sheria mbili, na siku moja zitatofautiana, kama zile kurasa saba.

Mimi nafanya hivi: `funga()` ikishahesabu upungufu, jibu linahifadhiwa kwa kolamu. Ripoti inasoma kolamu tu, haihesabu sheria, inajumlisha. Hii inaleta faida nyingine, lengo la siku likipandishwa mwezi ujao, hesabu za zamani hazibadiliki, zimebaki vile zilivyofungwa na vile dereva aliambiwa jioni ile. Kwa hesabu ambazo bado ziko wazi ripoti inaandika "haijafungwa", na huo ni ukweli.

Pale haiwezekani kuhifadhi, manake jibu linategemea leo ni lini, weka vyuu (view, kweri iliyohifadhiwa kwa jina) ya databesi yenye hiyo hesabu na uandike testi (kodi ya kupima kodi nyingine) inayochukua mifano kumi ya hesabu, inaipitisha kwa objekti na kwa vyuu, na inadai majibu yawe sawa. Testi ikianguka unajua kabla ya mwenye gari.

Hatua ya 9: kama mfumo tayari uko na unatumika

Usivunje yote. Chukua ukurasa mmoja ulio polepole zaidi, kwanza andika testi ya idadi ya kweri, Django ina `assertNumQueries`. Iendeshe na gari 2, halafu na gari 20. Idadi ya kweri isibadilike, ikipanda pamoja na gari umeshapata mgonjwa. Andika fanksheni ya kusoma, unganisha ukurasa nayo, linganisha namba za zamani na mpya kwa siku mzima iliyopita, shilingi kwa shilingi. Mimi nilichapisha zote mbili nikampelekea mama wa hesabu na kalamu, akapitia mstari kwa mstari, akaniuliza kuhusu gari mbili. Moja ilikuwa imeleta pesa saa saba usiku. Ripoti ya zamani ilikuwa imeiweka siku ya nyuma, na dereva wake alikuwa amekatwa.